Kimara Mwisho: Uhakiki wa Majina ya Vituo vya Mabasi Dar es Salaam

Mwanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam akiambiwa na mwalimu wake akusanye fasihi simulizi, aghalabu husubiri likizo. Husubiri aende kwa bibi yake Songea au Bukoba, akae naye jioni penye moto, arudi na vitendawili kumi na hadithi mbili za sungura. Hatuibezi kazi hiyo. Lakini mwanafunzi huyo huyo, tangu darasa la kwanza, amepanda basi kila asubuhi na kusikia utungo mrefu usiokuwa na mtunzi mmoja, utungo unaotamkwa na kupokewa njia nzima, ambao mistari yake huongezeka kila mji unapopanuka, na ambao yeye anaujua kwa moyo kuliko shairi lolote alilofundishwa darasani. Utungo huo ni majina ya vituo.

Katika makala haya tunakusudia kuusoma utungo huo kama mhakiki asomavyo kazi nyingine yoyote ya umma: tutazame fani yake na maudhui yake, tuusifu panapostahili sifa na tuulaumu panapostahili lawama. Tumeichagua Barabara ya Morogoro iwe uti wa mgongo wa maelezo yetu, kwa kuwa ndiyo njia kubwa ambayo mji umeifuata katika kuipa bahari kisogo. Lakini tutachepuka kwenda barabara nyingine kila tutakapoona mfano mzuri.

Kwanza tukumbuke mji wenyewe ulivyokua. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini watu wapatao 270,000. Ile ya mwaka 2012 ilikuta katika mkoa mzima watu 4,364,541, na ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Watu hao hawakurundikana katikati. Walifuata barabara kuu nne zitokazo mjini kama vidole vitokavyo kiganjani: ya Bagamoyo kwenda kaskazini, ya Morogoro kwenda magharibi, ya Pugu, ambayo baadaye iliitwa ya Nyerere, kupita uwanja wa ndege, na ya Kilwa kwenda kusini. Mipango mikuu ya mji ilitungwa mwaka 1949, tena 1968, tena 1979. Lakini nyumba zilisimama upesi kuliko ramani zilivyochorwa, na mahali kama Manzese palikwisha kuwa makazi ya maelfu ya watu kabla kamba ya mpimaji haijapafikia. Hata lango la mji lilihama. Msafiri wa mikoani zamani alipanda basi Kisutu, katikati kabisa ya mji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akahamishiwa Ubungo. Na mwaka 2021 akahamishiwa Mbezi Luis. Malango hayo matatu yamo katika barabara moja, na anayeyataja kwa mpangilio amekwisha kusimulia nusu ya historia ya mji.

Mji wa namna hiyo una maandiko mawili. La kwanza ni la serikali. Ukitembea katikati ya mji utasoma juu ya vibao Lumumba, Nkrumah, Azikiwe, Sokoine, Samora. Barabara hii ya Samora iliitwa Acacia Avenue wakati wa mkoloni, na baada ya uhuru ikaitwa Independence Avenue kabla haijapewa jina la mpigania uhuru wa Msumbiji. Kutoka bandarini unaifuata Barabara ya Mandela hadi Ubungo, na hapo, kwa kuvuka tu makutano, unaingia Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge. Tunathubutu kusema kwamba ni miji michache ambapo lori la mizigo huitoka Afrika Kusini na kuingia Namibia bila kubadili gia. Andiko hili lina heshima yake. Lilitungwa na taifa lililoamini kuwa uhuru wake haukukamilika maadamu majirani walikuwa katika minyororo, na mwalimu asiyewaeleza wanafunzi wake majina hayo amewanyima urithi wao.

Andiko la pili ni la abiria. Katika barabara ile ile ya Mandela, abiria hasemi kwamba anashuka Mandela. Anashuka Tazara, anashuka Buguruni Sheli, anashuka Tabata Relini. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la juu pale Tazara, likapewa jina la mhandisi Mfugale; mwaka 2021 likafunguliwa lile la Ubungo, likapewa jina la Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Majina hayo yamechongwa na yataheshimiwa. Hata hivyo abiria aliendelea kushuka Tazara na kushuka Ubungo, bila ya chuki wala ubishi, kwa sababu maandiko hayo mawili hayafanyi kazi moja. La serikali hutuambia nani wa kukumbukwa. La abiria hutuambia mahali pa kushuka, na ndani ya kutuambia hivyo hutuambia mengi mengine ambayo mtunzi wake hakukusudia.

Tuitazame fani yake. Mbinu kuu ya utungo huu ni ile tamati ndogo ya Kiswahili, -ni, ambayo kwa herufi mbili hugeuza kitu kuwa mahali. Reli inakuwa Relini, mkwaju unakuwa Mkwajuni, makaburi yanakuwa Makaburini, kijiwe cha wasio na kazi kinakuwa Kijiweni. Hapahitajiki kibao wala sherehe ya uzinduzi. Mbinu ya pili ni neno kwa, linalompa mtu hai au marehemu umiliki wa kipande cha barabara: Mtoni kwa Aziz Ali, katika Barabara ya Kilwa, hulitaja jina la mjenzi Aziz Ali, baba yake Dossa Aziz, mmoja wa watu waliokuwa karibu na Mwalimu Nyerere katika siku za mwanzo za TANU. Wako maelfu wanaoshuka hapo kila siku wasiojua kwamba wametaja familia ya historia ya uhuru. Mbinu ya tatu ni kuunga jina juu ya jina, la kwanza likiwa la mtaa na la pili likiwa la alama: Magomeni Mapipa, Buguruni Chama, Sinza Madukani, Mbagala Rangi Tatu. Hapo kila nusu ya jina huilinda nusu nyingine isipotee. Maana maduka yako kila mahali, lakini Sinza Madukani ni moja.

Wapo wanaolalamika kwamba utungo huu umejaa uchafu wa maneno ya kigeni. Watatutajia Sheli, Tip Top, Fire, na mengine. Tunawaomba wakumbuke Kariakoo. Jina hilo, ambalo leo hakuna Mswahili alionaye kuwa la kigeni, ni Carrier Corps ya Waingereza, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia ambao kambi yao ilikuwa hapo. Umma ulilitafuna jina la jeshi hata likawa jina la soko. Sheli nayo ilianza kuwa jina la kampuni moja ya mafuta, ikawa jina la kila mahali panapouzwa petroli, hata kama pampu ni za kampuni nyingine. Lugha inayomeza hivyo ina afya. Tip Top bado haijatafunwa vya kutosha, ipewe muda.

Lakini fani ya utungo huu haimo katika maneno peke yake. Imo katika kutamkwa. Msomaji aliyewahi kupanda daladala anaijua sauti ya konda akiwa ameng'ang'ania mlangoni: «Bucha wapo?» Na sauti kutoka viti vya nyuma: «Wapo!» Kisha: «Kona wapo?» Kimya. «Hawapo, twende!» Tunaomba mwalimu awasimamishe wanafunzi wake hapa na kuwauliza konda ameuliza nini. Hakuuliza kama gari lisimame. Hakuuliza kama mahali paitwapo Bucha pamefika. Ameuliza kama watu wa Bucha wapo. Katika swali hilo fupi jina la mahali limegeuka kuwa jina la watu, na abiria anayejibu, ijapokuwa yu peke yake na kapu lake, hujibu kwa wingi: wapo. Sijui kama mshairi angeweza, kwa maneno mawili, kumfanya mtu mmoja aliyechoka kuwa jamaa nzima. Hii ndiyo mbinu ya kupokezana iliyomo katika ngoma na katika nyimbo za kazi, ambayo vitabu vyetu hufundisha kana kwamba imebaki vijijini.

Sasa tuingie katika maudhui. Jambo la kwanza linalotushangaza ni kumbukumbu ya utungo huu. Kinondoni kipo kituo kiitwacho Biafra. Dola ya Biafra ilitangazwa mwaka 1967, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua mwezi Aprili 1968, na ilipofika Januari 1970 dola hiyo ilikuwa imekwisha. Haina tena bendera wala balozi mahali popote duniani. Lakini Kinondoni watu wanaendelea kushuka Biafra. Urafiki, katika Barabara ya Morogoro, ni jina la kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, siku ambazo tuliamini kwamba sauti ya mitambo ya kufuma ndiyo ingekuwa saa ya kuamshia mtaa. Mwaka 2017 nyumba na maduka mengi yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara kwenda Kiluvya yalibomolewa ili barabara ipanuliwe hadi Kibaha. Alama nyingi zilikwenda na vifusi. Majina hayakwenda. Abiria aliendelea kushuka kwenye duka lisilokuwapo, kwa mtu aliyekwisha hamia kwingine. Kwa hiyo majina haya si ramani ya mji ulivyo. Ni masimulizi ya mji ulivyokuwa siku mtu wa kwanza alipomwambia dereva asimame.

Tukae kidogo Jangwani. Basi litokalo mjini, likiisha kupita Fire, huteremka bonde la mto Msimbazi kabla halijapanda Magomeni. Bonde hilo hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na serikali ikawahamishia Mabwepande familia nyingi zilizokuwa mabondeni. Mgeni hulicheka jina: itakuwaje mahali panapogharikisha nyumba paitwe jangwa? Lakini jangwa katika Kiswahili cha wazee si lazima liwe mchanga na ngamia. Ni nchi tupu, uwanda usiokaliwa. Aliyepaita Jangwani alikuwa akisema kwamba hapa hapakai mtu. Jina lilikuwa onyo. Na onyo hilo halikusomwa, wala si na maskini peke yao waliojenga bondeni kwa kukosa pengine pa kujenga. Ulipojengwa mfumo wa mabasi yaendayo haraka, uwanja mkuu wa kulaza na kutengeneza mabasi uliwekwa pale pale Jangwani, na mvua kubwa zikaufuata huko zaidi ya mara moja, barabara ikafungwa, mabasi yakasimama. Wataalamu walikuwa na vipimo vya udongo na vya maji. Hatudhani kwamba yeyote miongoni mwao aliliweka jina la mahali katika orodha ya ushahidi.

Hapa ndipo tunapofika katika neno lililotufanya tuandike makala haya. Kituo cha Kimara, kilometa 16 hivi kutoka Kivukoni, huitwa na watu Kimara Mwisho. Ukisonga mbele katika barabara hiyo hiyo utafika Mbezi, na hapo utakuta Mbezi Mwisho. Mji wenye miisho miwili katika barabara moja, wa pili ukiwa mbele ya wa kwanza, huonekana kuwa umekosa mantiki. Haukukosa. Mwisho katika majina haya haumaanishi mwisho wa mji wala mwisho wa barabara, kwani barabara inaendelea hadi Morogoro na kupita. Unamaanisha mahali ambapo basi lilikuwa likigeuzia. Yaani ni mpaka wa huduma. Zaidi ya hapo palikuwa na watu, palikuwa na mashamba yanayogeuka kuwa viwanja, palikuwa na wafanyakazi waliopaswa kufika kazini. Lakini hapakuwa na basi. Jina hili, kwa hiyo, ni hukumu. Umma, bila ya kuandika barua kwa mhariri wala kwenda mbele ya kamati, uliliweka juu ya barabara neno linaloonyesha mahali ambapo jukumu la mji kwa wakazi wake lilikomea.

Historia ya mabasi yenyewe inathibitisha hivyo. Usafiri wa mjini ulikuwa mikononi mwa kampuni ya DMT, iliyotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Wazee wanayakumbuka mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa abiria. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikakosekana, na mabasi yakalala karakana huku mji ukiendelea kutambaa. Magari ya watu binafsi yalikwisha kuanza kubeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 yakaruhusiwa. Inasimuliwa kwamba nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na makonda wakawa wanaitangaza hivyo: dala, dala!

Tuyapime majina hayo matatu. Zamani mtu alisema amepanda UDA: alitaja shirika, mali ya umma. Baada ya 1983 alisema amepanda daladala: alitaja nauli. Na mabasi ya mwaka 2016 yalipokuja, jina rasmi likiwa mabasi yaendayo haraka, umma ukayaita mwendokasi: ukataja ahadi. Neno lenyewe lilikwisha kuwako katika vinywa vya askari wa barabarani, ambako mwendokasi ni kosa analotozwa dereva faini. Umma ukalitoa kosani na kulipa heshima. Lakini heshima hiyo ilikuwa na meno, kwa kuwa jina la ahadi humdai aliyeahidi kila siku. Abiria aliyesimama katika foleni kwa saa nzima, akamwambia jirani yake kwamba anangoja mwendokasi, hahitaji kuongeza neno ili kulalamika.

Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016, katika njia maalumu zenye jumla ya kilometa 21 hivi. Na njia hiyo maalumu, ikitoka Kivukoni, iliishia wapi? Kimara. Miaka mingi baada ya umma kupaita mwisho, mji ukiwa umekwisha kuvuka Mbezi na kuigusa Kibamba, fedha nyingi na saruji nyingi zilikuja kulithibitisha lile jina. Baadaye baadhi ya mabasi yalipelekwa mbele hadi Mbezi kwa barabara ya kawaida, kisha barabara ikapanuliwa, na haya ni mambo ya kushukuru. Hata hivyo mkazi wa mbele ya Kimara aliendelea kujua, kila alipobadili gari, kwamba mwisho haukuwa neno la mzaha.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunauabudu utungo wa umma. Una kasoro zake, na mhakiki asiyezitaja ni mpiga debe. Katika majina yanayoanza kwa neno kwa, wanaume wenye maduka, mabucha na baa wamejaa. Wanawake ni wachache, na mara nyingi mwanamke akipata kituo hupewa kwa jina la mwanawe, Mama fulani, kana kwamba hakuuza maandazi hapo miaka ishirini kwa mikono yake mwenyewe. Aliyekuwa na kitu ndiye aliyetajwa. Aliyepanga chumba nyuma ya duka lake hakutajwa. Hili nalo ni maudhui, nalo si la kujivunia.

Na iko kasoro kubwa zaidi, inayowahusu wasomaji wetu vijana moja kwa moja. Tumesifu swali la konda, wapo? Lakini asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, konda yule yule husimama mlangoni na kusema: «Wanafunzi wawili tu!» Tunazijua sababu. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu kwa mujibu wa sheria. Konda na dereva wana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni. Kila kiti alichokalia denti ni pengo katika hesabu hiyo. Hatumtukani konda, ambaye naye ni kijana wa watu anayefukuzana na deni. Lakini hatuwezi kuifundisha sanaa ya kupokezana bila kusema kwamba kila asubuhi katika vituo vya mji huu wamo watoto waliovaa sare ambao wapo, na ambao hawaulizwi. Jina la kituo wanalijua kuliko abiria wote. Hulitazama likipita dirishani mwa magari yasiyowachukua.

Jambo moja la kuangaliwa ni kwamba utungo huu sasa umeandikwa. Wajenzi wa vituo vya mwendokasi wangaliweza kuvipa namba, au majina ya mashujaa. Badala yake waliandika juu ya vibao vya kudumu Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Shekilango, Argentina, Mapipa, Jangwani. Tunawapongeza. Kwa mara ya kwanza neno la konda liliingia katika maandishi ya dola bila kusafishwa. Lakini kila fasihi simulizi inapoandikwa hupata na kupoteza. Ilipata uhai mrefu: Bucha itabaki Bucha hata ng'ombe wakiisha. Ilipoteza kinywa. Katika mabasi hayo nauli hulipwa kituoni, konda hayupo mlangoni, basi husimama penye kituo awepo wa kushuka au asiwepo. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kujibu. Abiria husoma kibao, hushuka, huondoka. Wako wanaosema kuwa huo ndio ustaarabu, na yumkini wana haki, maana kelele za daladala nazo si asali. Lakini tutambue kuwa kilichonyamaza hapo ni nusu ya utungo, ile nusu ya kupokea.

Kwa walimu wanaotaka kuifanya kazi hii na wanafunzi wao, tueleze jinsi sisi tulivyoifanya katika shule moja ya kutwa. Tuliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu waandike vituo vyote kutoka nyumbani hadi shuleni, kwa mpangilio, na mbele ya kila jina waeleze wanachodhani kuwa chanzo chake, kisha wamuulize mzee mmoja wa mtaa na waandike alichosema. Hatukuwaruhusu kuchukua neno la mzee mmoja kuwa kweli. Walipaswa kumtafuta wa pili. Mara nyingi wazee wawili walisema mambo mawili, na hapo ndipo uhakiki ulipoanza. Karatasi za waliokaa karibu na mji zilijaa. Za waliotoka mbali, huko barabara za vumbi zinapochepuka kutoka Barabara ya Morogoro na daladala kukupokeza kwa bodaboda, zilianza vizuri kisha zikaishiwa na majina.

Wawili miongoni mwao, mvulana na msichana, walikuwa wakishuka mahali pamoja. Mvulana aliandika Kwa Fundi, kwa kuwa yupo seremala hapo anayetengeneza vitanda. Msichana aliandika Nguzoni, akaeleza kwamba nguzo hiyo ndiyo yenye taa pekee, na kwamba akichelewa kupata gari jioni mama yake humngojea chini yake. Wakabishana mbele ya darasa. Mvulana alisema seremala alikuwapo kabla ya umeme. Msichana alisema seremala hufunga saa kumi na mbili, na baada ya hapo mahali hapo si pake. Darasa likagawanyika, na hatukupiga kura. Tuliwauliza tu, ili tuandike ubaoni, konda wa njia ile hupaita mahali hapo kwa jina gani kati ya hayo mawili.

Walitazamana, wakajibu kwa pamoja kwamba konda hapajui. Gari lake hugeuzia nyuma kidogo, barabarani, napo hupaita mwisho.